Tairi nne, spea moja: miaka minane na SUV ndogo

Gari letu tulilinunua Machi 2016, likiwa limeshatumika miaka minne na kutembea kilomita 58,000. Leo lina kilomita 171,000 na bado ndilo linalotupeleka kila mahali. Ni SUV ndogo ya petroli, injini ya lita mbili, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za ngazi), na mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, yaani AWD. Tangu siku ya kwanza kuna daftari ndani ya kisanduku cha dashibodi. Humo naandika kila lita ya mafuta, kila servisi, na kila mlio mgeni pamoja na kilomita uliposikika. Daftari hilo ndilo lililokuja kuinusuru giaboksi isiyo na kosa, na ndiyo maana nakieleza kisa hiki kwa urefu.

Kisa chenyewe ni mtetemo. Ulianza Agosti 2021, kwenye kilomita 137,600. Ukikata kona kali kwa mwendo wa taratibu, kama mtu anayeingia mahali pa kuegesha, gari lilitetemeka kutoka chini, gu-gu-gu, utadhani tairi zinapita juu ya mawe yaliyopangwa. Mke wangu ndiye aliyeusikia kwanza. Alirudi jioni, akaweka funguo mezani, akasema: "Baba watoto, gari linagoma kugeuka." Nilikwenda kulijaribu asubuhi yake, likageuka vizuri kabisa. Ilinichukua siku nne kung'amua kwamba asubuhi halifanyi hivyo kwa sababu halijapata moto.

Kabla sijafika huko, niseme kidogo kuhusu gari la aina hii. Magari haya yalishika kasi miaka ya tisini: Toyota RAV4 ilitoka 1994, Honda CR-V 1995, Subaru Forester 1997. Kilichoyatofautisha na jipu za zamani ni mwili wake. Jipu ya zamani ilikaa juu ya chesisi inayojitegemea. Hizi zina bodi moja iliyoshikana, kama saluni, ila imeinuliwa na kupewa nafasi zaidi ya mizigo. Kwa hiyo zinaendeshwa kwa ulaini wa saluni, na zinachakaa kwa namna ya saluni iliyobebeshwa uzito wa ziada. Sisi tulilichukua kwa sababu ya mama yangu mzazi. Magoti yake yanamsumbua, na kiti cha SUV ndogo kiko karibu usawa wa nyonga: mtu anakaa, hashuki wala hapandi. Miaka minane baadaye bado naona hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za gari hili, kubwa kuliko huo uwezo wa kupita njia mbaya unaosifiwa sana.

Miaka minne ya mwanzo haina mengi. Stabilaiza linki za mbele zilianza kugonga kilomita 79,000, tukabadilisha. Bushi za mikono ya chini ya mbele zilipasuka kilomita 96,000. Betri ilikufa 2018. Vikono vya gesi vya mlango wa nyuma vililegea, ikawa lazima mtu mmoja ashike mlango na mwingine apakie. Mafuta yalikuwa lita 9.4 kwa kilomita 100 kwa wastani, mjini na safarini. Oili ya injini na filta yake nilibadilisha bila kukosa. Hapo ndipo penye kosa langu la kwanza, maana nilipokuwa nikisema "gari limefanyiwa servisi" nilikuwa na maana ya injini peke yake. Oili ya giaboksi ilibadilishwa mara moja tu. Oili za nyuma, kule kwenye difu (gia zinazogawia magurudumu nguvu), hazikuguswa hata siku moja, na sikujua kama ziko.

Juni 2020, kilomita 118,400, tairi moja ya mbele ilichanika ubavuni. Ubavu hauzibwi, kwa hiyo tairi ilikuwa imekwisha. Nikanunua mbili mpya nikazifunga mbele, nikaacha zile mbili za nyuma kwa sababu zilikuwa bado zina kashata, yaani meno ya tairi. Daftari linasema: "Tairi 2 mpya mbele, mm 8. Nyuma bado nzuri, mm 3.5." Nilijiona mwangalifu kwa kuwa nilipima. Kile kipimo sikukisoma maana yake.

Desemba mwaka huohuo, kilomita 126,900, kuna mstari mwingine: "Taa ya AWD iliwaka safarini, saa ya tatu ya mwendo. Tukapumzika nusu saa. Ikazima yenyewe." Haikuwaka tena, nikaisahau.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea mtetemo aliunganisha mashine ya kusomea makosa. Hakukuwa na kosa lolote lililorekodiwa. Akaliendesha dakika tano, akakata kona mara mbili, akasema ni giaboksi, na kwamba CVT zikifika umri huo ndivyo zilivyo. Giaboksi nyingine, pamoja na kazi ya kufunga, ingemeza zaidi ya theluthi ya thamani ya gari zima. Simlaumu kwa nia mbaya. CVT ina jina baya mitaani, na jina baya humfanya fundi aache kuuliza maswali.

Ila tutazame CVT inavyofanya kazi. Ndani yake hamna gia za kupanda ngazi kwa ngazi. Kuna puli mbili zinazotanuka na kubana, na mkanda unaozizunguka. DAF ya Uholanzi ilizindua gari lenye mfumo huo 1958, kwa mikanda ya mpira. Za leo nyingi hutumia mkanda wa chuma unaolowana katika oili yake maalumu. Mkanda ukianza kuteleza, dalili zake zinajulikana: injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki, au gari linatetemeka linapoondoka taratibu kwenye njia iliyonyooka. Nikarudi kwenye daftari. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeandika mtetemo kila ulipotokea, mara 31. Mara zote 31 usukani ulikuwa umekatwa sana. Mara zote gari lilikuwa limepata moto. Kulia na kushoto sawasawa. Kwenye njia iliyonyooka, hata mara moja. Giaboksi haijui usukani umeelekea wapi. Kitu kinachochagua kona na kuacha njia iliyonyooka lazima kiwe mahali ambapo kona inabadilisha jambo.

Sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo wakati huo. Nilichofanya ni kuomba muda, nikaenda kwa fundi wa pili. Yeye alilaumu maunti, yaani vishikizo vya injini, akabadilisha mbili. Zilikuwa zimechoka kweli, na injini ikatulia ikiwa imesimama. Mtetemo wa konani ulibaki palepale.

Fundi wa tatu alikuwa mtu mzima, mpole, ambaye hakufungua boneti kabisa. Nilimpa daftari. Alisoma kurasa za mwaka mzima uliotangulia, kimya, kisha akachuchumaa kwenye tairi ya mbele na kipimo chake, akahamia ya nyuma. "Bosi," akasema, "hizi tairi hazitembei mwendo mmoja."

Maneno hayo ndiyo kiini cha kisa, na yanahitaji hesabu. Tairi za gari letu ni 225/65 R17. Ikiwa mpya kipenyo chake ni kama milimita 724, kwa hiyo katika kilomita moja inazunguka mara 439 na ushei. Tairi ya saizi hiyohiyo iliyobaki na kashata za milimita 3.5 imepungua milimita 9 za kipenyo, nayo inazunguka mara 445. Tofauti ni mizunguko mitano na nusu kwa kila kilomita. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu mawili, tofauti hiyo haimdhuru mtu: tairi za mbele zinazunguka zake, za nyuma zake, hakuna kinachoziunganisha. Gari letu lina kinachoziunganisha.

Mbele ya difu ya nyuma kuna klachi ya sahani nyingi nyembamba, ndani ya oili. Kompyuta huibana pale inapohisi tairi za mbele zinateleza, ili nguvu ifike nyuma. Hubana kidogo pia unapoondoka, kabla ya chochote kuteleza. Ikilegezwa, mbele na nyuma zinaachana. Ikibanwa, mbele na nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa. Sasa fikiria ekseli mbili zisizoweza kuzunguka sawa, kwa sababu tairi zake hazilingani ukubwa. Kila klachi inapobana, sahani zinasuguana. Kila zinaposuguana zinatoa joto, na joto linaipika oili. Nilipiga hesabu ya kilomita 19,200 tulizotembea kati ya siku ya tairi mpya na siku ya mtetemo, nikiweka na uchakaavu wa njiani. Ekseli ya nyuma ilikuwa imezunguka karibu mara 90,000 zaidi ya ile ya mbele. Klachi haikuwa imebanwa kwa muda wote huo, lakini kila ilipobanwa ilikuta ugomvi unaisubiri.

Ile taa ya Desemba 2020 ilikuwa ndiyo klachi yenyewe ikisema imepata joto kupita kiasi. Mfumo ulijizima ili usiungue. Gari lilituambia miezi minane kabla.

Na kona? Hapo jiometri inaingia. Gari linapogeuka, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa gari lenye mita 2.66 kati ya ekseli, gurudumu la mbele likichora duara la nusu kipenyo mita 5.5, la nyuma yake linachora la mita 4.8 tu. Klachi nzima hulegea kwa ulaini na kuruhusu tofauti hiyo. Klachi yenye oili iliyoungua hainyumbuki: inashika, inaachia, inashika, inaachia, mara nyingi kwa sekunde. Hiyo ndiyo gu-gu-gu. Asubuhi gari likiwa baridi halikufanya hivyo. Baada ya mwendo lilifanya.

Hadi hapo ilikuwa bado nadharia, na nilishachoka na nadharia. Fundi alilipandisha gari, akachomoa soketi ya waya inayopeleka umeme kwenye klachi, akalishusha. Taa ya AWD ikawaka, kama ilivyotarajiwa, na gari likawa la kuvuta mbele peke yake. Tukaliendesha nusu saa hadi likapata moto vizuri, kisha tukazunguka uwanja mtupu, usukani umekatwa hadi mwisho, mizunguko kumi kulia na kumi kushoto. Hakuna mtetemo. Akarudisha soketi. Mzunguko wa pili tu, gu-gu-gu. Jaribio la chini ya saa moja, bila spea hata moja, liliisafisha giaboksi. Namwomba kila mwenye gari la aina hii akumbuke jaribio hili kabla ya kukubali kufunguliwa giaboksi, na afanye na fundi anayejua ni soketi ipi.

Nilitaka kujua kati ya oili na tairi ni ipi hasa, kwa hiyo tuliamua kutobadilisha vyote kwa mpigo. Kwanza oili ya klachi peke yake. Kwenye gari letu klachi ile ina oili yake, chini ya lita moja, tofauti na ya difu. Magari mengine huwa nayo kwa mpangilio tofauti, na kitabu cha gari ndicho cha kufuata. Iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na imeacha tope la kijivu chini ya chombo. Tukaweka mpya iliyotajwa kitabuni. Mtetemo ulipungua siku hiyohiyo, ukaisha kabisa baada ya siku mbili. Nilifurahi. Baada ya kilomita 700 ukarudi, hafifu, kisha ukaanza kukua.

Jibu likawa limepatikana. Oili ilikuwa imeumia, lakini kilichoiumiza kilikuwa bado kimefungwa kwenye gari. Tairi za mbele zilikuwa na milimita 5.6, za nyuma 2.4. Novemba 2021, kilomita 139,800, tulifunga tairi nne mpya, chapa moja, muundo mmoja, tukabadilisha oili ya klachi kwa mara ya pili pamoja na ya difu. Mtetemo ulipotea ndani ya kilomita 300 na haujarudi. Hata mafuta yalirudi: kwenye miezi ya tairi zisizolingana wastani ulikuwa umepanda hadi lita 9.9, baada ya hapo 9.5. Ila odomita nayo si shahidi kamili, maana tairi kubwa huifanya ihesabu kilomita chache kuliko zilizotembewa. Siijengi hoja juu ya namba hiyo.

Jambo linaloniuma ni kwamba onyo lilikuwa kitabuni. Kurasa za nyuma za kitabu cha gari, sehemu ya tairi, zinasema wazi kwamba tairi zote nne ziwe saizi moja, aina moja na uchakaavu unaokaribiana. Subaru huweka kabisa kipimo: mizingo ya tairi isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na ushei. Ukiigeuza kuwa kina cha kashata unapata milimita moja tu. Mimi nilikuwa nimeanza na milimita nne na nusu za tofauti, na nikaziandika kwa mkono wangu.

Dada yangu ana gari lilelile, mwaka uleule, alilinunua miezi sita baada yetu. Lake linavuta mbele tu. Mwaka ule tuliobadilisha tairi mbili naye alibadilisha mbili, akazifunga nyuma, na huko ndiko watengenezaji wengi wa tairi wanakoshauri, kwa sababu gari likipoteza mshiko nyuma kwenye maji ni gumu kulirudisha. Gari lake limepita kilomita 190,000. Limebadilishwa bushi, beringi ya gurudumu la nyuma na pampu ya maji. Halijawahi kutetemeka konani, kwa sababu hakuna klachi ya kuumia. "Kaka," aliniuliza tulipokuwa tukilinganisha madaftari, "hizo nne ulizihitaji lini?" Nilipekua. Kwa miaka minane naweza kutaja safari kumi na moja ambazo bila kuvuta kwa nyuma tungekwama: matope, mchanga, mlima wenye kokoto. Kwangu safari hizo zina thamani, maana mbili kati yake zilikuwa za kumwahisha mama hospitali usiku wa mvua. Kwa mtu anayeendesha lami mwaka mzima, gari la dada ndilo jibu, na asishawishiwe vinginevyo na beji iliyobandikwa nyuma.

Anayelichukua la kuvuta nne basi ahesabu tairi nne kama spea moja. Nimebadilisha mwenendo wangu hivi: tairi nazizungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000, kwa sababu za mbele huisha upesi, upepo naupima tairi zikiwa baridi, na oili ya klachi ya nyuma naibadilisha kila kilomita 40,000. Ninaponunua gari lililotumika, au rafiki akiniomba nimsindikize, kitu cha kwanza ninachotazama ni tarakimu nne za mwisho za msimbo ulio ubavuni mwa kila tairi: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi mbili za mwaka mmoja na mbili za mwaka mwingine kwenye gari la AWD zinanifanya niulize limeendeshwa hivyo kwa muda gani, kisha naomba kuliendesha hadi lipate moto na kukata usukani hadi mwisho. Muuzaji aliyelikagua asubuhi likiwa baridi anaweza kuapa kwa moyo mweupe kwamba ni zima.

Februari 2024, kilomita 164,300, jambo lilelile lilitokea tena. Tairi moja ya nyuma ilichanika ubavuni. Nyingine tatu zilikuwa na milimita 4.9. Mpya moja ingeturudisha tulikotoka, na nne mpya zingekuwa kutupa tatu zenye maisha. Tulitafuta siku sita tukiwa tumefunga ya akiba ya saizi kamili, ambayo kwa bahati ilikuwa tairi ya zamani iliyotumika, mm 4.4, tukiendesha taratibu na kwa safari fupi. Hatimaye tukapata iliyotumika ya chapa na muundo uleule, msimbo 3521, kina mm 5.2, haina kiraka wala ufa. Fundi aliipima mbele yangu kabla ya kuivalisha rimu.

Mstari wa daftari wa siku ile unasomeka: "Nyuma kulia imebadilishwa. Tofauti kubwa kuliko zote mm 0.3. Mizunguko 10 kulia, 10 kushoto, gari lina moto. Hakuna mtetemo."